Tanzania: Usajili wa dawa za asili si kinga ya ini

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 nchini Tanzania inataka waganga na dawa zao wasajiliwe. Hata hivyo, usajili pekee hauthibitishi kwamba dawa ya mitishamba hulinda ini. Nyongo iliyozuiwa kutiririka huharibu chembe za ini, na macho hugeuka manjano. Mimea mingi inayosifiwa kuzuia madhara hayo imejaribiwa kwa panya tu. Muhimbili ilianzisha kitengo cha utafiti wa tiba asili mwaka 1974, lakini utafiti huenda polepole kuliko soko. Hatari ni kuchelewa: mtoto mchanga ambaye mirija yake ya nyongo imeziba huhitaji upasuaji, ikiwezekana kabla ya siku 60.