Pango bila mtu wa kulieleza ni shimo tu

Wasee, kuingia pango la Kirimiri na simu mkononi, bila mtu wa pale wa kukuonyesha, ni kupoteza nauli. Najua wengine mtanirukia, ati natetea watu wanaotafuta doh ya wageni. Sawa, natetea.

Kama huijui Kirimiri, ni ule mlima wenye msitu ulio karibu na Runyenjes, huku Embu. Wenyeji husema wapiganaji wa Mau Mau walijificha kwenye mapango yake wakati wa Hali ya Hatari, ile iliyotangazwa Oktoba 1952 na kuisha 1960. Siku hizi vijana wanapanda, wanapiga picha mlangoni, wanashuka. Klipu iko fiti. Lakini muulize aliyeirekodi ni nani alilala pale, alikula nini, na hicho chakula kilimfikiaje. Anakuangalia tu.

Haya yalinianza nilipotembelea Amboni, kule Tanga, kama kilomita nane kutoka mjini. Mawe usilinganishe: yale ni ya chokaa, yamechongwa na maji, na sisi huku tumekalia mawe ya volkano ya Mlima Kenya, kwa hivyo zile nguzo zinazoning'inia usizitegemee. Mapango ni kumi, ila wageni huzungushwa kwenye moja tu, na huingii peke yako. Mwongozaji anatangulia na tochi: inama hapa, shika pale, chunga kichwa. Kila hatua chache anamulika ukuta, anasema hili ni sofa, ile ni meli, yule ni mamba. Mwanzoni unacheka, halafu unaanza kuona mamba kila mahali. Kisha akazima tochi. Giza la pango si giza la stima kupotea, wasee. Unainua mkono mbele ya uso na mkono haupo. Ni popo tu unasikia.

Lakini kilichonishika ni stori. Kuna ya mbwa aliyeingia Amboni akatokea Kilimanjaro. (Upimaji wa 1994 uliona pango refu zaidi lina kama mita 900, kwa hivyo huyo mbwa alifanya miujiza.) Halafu kuna Osale Otango na Paulo Hamisi, ambao inasimuliwa walijificha humo miaka ya 1950 wakisakwa na Waingereza, na wengine huwahesabu kuwa Mau Mau. Yaani nimetoka Embu, nimevuka mpaka Lunga Lunga, nimelipa kiingilio, ndio nasimuliwa Mau Mau ndani ya pango. Manze, hiyo iliniuma.

Kwani huku hatuna? Musa Mwariama wa Meru alikuwa bado msituni uhuru ulipokuja 1963. Ila Mau Mau ilibaki marufuku kisheria hadi 2003, miaka 40 nzima, na wazee wengi wakazoea kunyamaza. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kumaliza kesi ya watu 5,228 walioteswa. London iliwasikiliza. Sisi hata mia mbili ya kumsikiza mtu mlangoni pa pango tunaona ni nyingi.

Na muda hauko. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1953 alizaliwa 1933, piga hesabu mwenyewe.

Ninachotaka si hoteli wala barabara ya lami hadi mlangoni. Kaunti na wanaotunza msitu wachukue vijana kumi wa pale, wawape tochi, kofia ngumu na mafunzo ya usalama, kisha wawatume kwa shosho na guka zao wakarekodi. Kiingilio kitafungia watu nje, utasema. Hiyo ni hoja ya kweli. Basi wanafunzi wa eneo wapite bure, mimi na wewe tunaokuja na viatu vya elfu tano tulipe. Na mwongozaji awe muwazi: hili tunalijua, hili ni hekaya. Hata mbwa wa Kilimanjaro ana nafasi yake, mradi aitwe hekaya.

Kabla hiyo siku ifike, kama una shosho wa miaka tisini na kitu hapo Kianjokoma ama Nkubu, mpigie leo jioni. Muulize ni nani alikuwa anabeba chakula usiku kupeleka msituni. Pengine ni yeye.