Nani Atamtunza Fahali wa Kasulu?

Kila mjadala wa kuinua ufugaji unapoanza, ng'ombe wetu wa asili hutajwa kama tatizo. Maziwa yake machache, anakua polepole, na mnadani bei yake haimfikii chotara. Dawa inayotolewa ni ileile: mbegu ya nje, iwe kwa mirija ya Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichoko Usa River, Arusha, au kwa madume wa Borana wanaogawiwa wafugaji. Sina ugomvi na dawa hiyo. Mama wa Kasulu mjini, mkoani Kigoma, anayefuga chotara mmoja bandani, akamkatia majani na kuwauzia majirani maziwa, anasomesha watoto kwa ng'ombe huyo. Hakuna mwenye haki ya kumwambia arudi kwenye lita mbili kwa siku. Ninachouliza ni hiki: miaka ishirini ijayo, huyo chotara atazaliwa na nani?

Ng'ombe ninayemzungumzia ni Ankole wa pembe ndefu, anayepatikana Kagera na Kigoma kama anavyopatikana Uganda, Rwanda na Burundi. Katika tawala za kale za Buha, Heru upande wa Kasulu na Muhambwe upande wa Kibondo, ng'ombe huyu ndiye aliyefunga uhusiano kati ya mwami (mfalme), wafugaji wa Kitutsi na wakulima wa Kiha. Aliyepewa ng'ombe alipewa ulinzi, na utii ukawa deni lake.

Nchi yenyewe ndiyo iliyomchuja. Nyanda za mpakani mwa Burundi zina ubaridi na nyasi, lakini ukishuka mashariki kuelekea pori la Moyowosi unaingia miombo yenye ndorobo. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa Buha na kuwakusanya katika makazi maalumu kwa sababu ya malale. Ankole tusimsingizie sifa asizo nazo: ndorobo humuumiza, na kwa kuhimili nagana, malale ya ng'ombe, N'Dama wa Afrika Magharibi anamzidi mbali. Ila anatembea mwendo mrefu kufuata maji, anavuka kiangazi cha Juni hadi Oktoba kwa nyasi zilizokauka, na ndama wake anayekulia penye kupe ana nafasi nzuri zaidi ya kupona ndigana kali kuliko ndama wa Friesian asiyeogeshwa mfululizo.

Sasa tazama hesabu ya chotara. Ubora wake mkubwa hutoka katika uzao wa kwanza, pale mbegu ya nje inapokutana na jike halisi wa asili. Ukiwapandisha chotara kwa chotara, nguvu ile inapungua na ndama wanatoka kila mmoja na tabia yake. Ukirudia mbegu ya nje kizazi baada ya kizazi, maziwa yanaongezeka, lakini gharama za dawa na chakula zinapanda na uhimilivu unakwisha. Kwa hiyo hata mpango wa chotara wenyewe unahitaji kundi la asili lililotunzwa pembeni. Bila hilo tunakula mbegu ya msimu ujao.

Na kundi hilo halijilindi lenyewe. Nenda mnadani uone mnunuzi anavyofanya kazi: anapita katikati ya ng'ombe, anabonyeza mgongo, anashika nyonga, anaangalia meno, kisha anamwekea rangi fahali mkubwa kuliko wote. Mfugaji anayedaiwa ada ya shule hawezi kukataa. Fahali bora anakwenda buchani akiwa kijana, na aliyebaki zizini ni yule ambaye hakuna aliyemtaka. Huyo ndiye atakayepanda majike yote. Tunafanya uteuzi, lakini kinyume.

Kosa la pili ni undugu. Fahali mmoja kwenye majike thelathini, akikaa zizini miaka mitano, atawapanda binti zake. Wataalamu wa uzazi wa wanyama wana kanuni ya kupima hatari hiyo, na kwayo kundi la namna hiyo kiuzazi ni sawa na la wanyama wanne tu, wakati kiwango kinachoshauriwa kwa uchache ni 50. Lakini kanuni hiyohiyo inasema madume 15 na majike 75 wanafikisha 50 kamili. Hao ni wafugaji 15, kila mmoja na fahali mmoja na majike watano, wanaobadilishana mafahali kila baada ya miaka miwili. Huhitaji ranchi. Unahitaji makubaliano na daftari.

Waingereza walifanya hivyo kwa farasi wadogo wa Exmoor, wanyama wagumu wa nyika ya baridi. Chama cha wafugaji wake kilianzishwa mwaka 1921, na Vita Kuu ya Pili ilipokwisha farasi hao walibaki takriban 50 tu. Waliookoa mbegu ile ni wafugaji wachache wenye makundi madogo, waliojua kila mnyama ametokana na nani. Jirani yetu Uganda naye ametenga shamba la serikali la Nshaara, karibu na Ziwa Mburo, kwa ajili ya Ankole. Yako maoni kwamba inatosha kugandisha mbegu maabara. Igandishwe, ni akiba nzuri, lakini mrija haufundishi mtoto wa mfugaji kumtambua mtamba mzuri.

Daftari nalo limeanza kupata msingi. Sheria ya utambuzi na usajili wa mifugo ipo tangu 2010, na kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi ilizinduliwa 2025. Ng'ombe akishavishwa hereni ya utambuzi, kuongeza namba ya baba na ya mama ni kazi ya afisa mifugo wa kata na kalamu yake.

Kinachobaki ni fedha, na hapa nasema wazi: si haki kumtaka mfugaji mmoja abebe mzigo wa taifa zima. Anayemzuia fahali bora asiende mnadani anapoteza kipato, kwa hiyo alipwe tofauti hiyo. Madiwani wa Kasulu na Kibondo, mapato ya minada yanapita mikononi mwenu. Tengeni sehemu yake kwa mafahali 15 katika kila wilaya, katika bajeti ijayo, wakati majike halisi wangali wanapatikana.