"He" au "she"? Mtoto hana kosa

Juzi nilikuwa nyumbani Gitting, kule Hanang. Mdogo wangu wa kidato cha kwanza akanionyesha daftari lake. Kaandika "my mother he", mwalimu kapiga mstari mwekundu na darasa zima likamcheka. Tangu siku hiyo hanyooshi kidole, hata kwenye baiolojia anayoijua.

Jamani, huo si ujinga! Kiswahili alichosomea miaka saba kina "yeye" tu, awe baba awe mama. Na Kiiraqw anachoongea na bibi kinagawa majina: ya kiume, ya kike na kundi la tatu. Mwalimu angeanzia hapo, somo lingeeleweka.

Sera ya elimu ya 2014 ilisema Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote, lakini sekondari bado ni Kiingereza. Kiingereza kifundishwe, tena vizuri. Ila kisiwe fimbo ya kumnyamazisha mtoto. Mimi na digrii yangu bado namuuliza mhariri "the" inakaa wapi, na hanicheki.

Wewe unasemaje? Naomba kutoa hoja.