ALAMA YA CE PEKE YAKE HAILINDI MACHO



Mashine za kukata na kuchomelea chuma kwa mwanga wa leza zimeanza kuzoeleka katika karakana zetu. Nyingi huja na bamba dogo ubavuni lenye herufi CE, na tajiri akiulizwa habari za usalama hulionyesha bamba hilo kwa kidole, maneno yakaishia hapo. Sisi hatukubali yaishie hapo. Twaeleza leo sheria za Ulaya zenyewe zasema nini, kwa maana wanaozitaja mbele yetu mara nyingi wamesoma nusu tu.

Kwanza, ni nani aitiaye alama hiyo? Wanachama wengi hudhani kuna afisa wa serikali huko Ulaya aliyeikagua mashine, akaridhika, akagonga muhuri. Kwa mashine nyingi za leza za viwandani hakuna afisa kama huyo. Mtengenezaji huipima mwenyewe, huweka makaratasi yake ya ufundi, hutia sahihi tamko kwamba mashine imetimiza sheria, kisha hubandika CE kwa mkono wake. Tamko hilo lina jina lake na sheria alizozifuata, na mwenye mashine hana budi kuwa nalo. Ulizeni mlione.

Sheria yenyewe tangu mwisho wa mwaka 2009 ni Agizo la Mashine 2006/42, na mahali pake pashikwa na Kanuni 2023/1230 kuanzia tarehe 20 Januari 2027. Pamoja nayo kuna kipimo kiitwacho EN 60825-1, kinachogawa leza kwa madaraja. Ya Daraja la 1 haidhuru ikitumiwa ipasavyo. Ya Daraja la 4, yaani inayowaka mfululizo kwa zaidi ya miliwati 500, huunguza macho na ngozi, huweza kuwasha moto, na hata mwanga wake uliorudishwa na bati ni hatari. Leza ya kukatia chuma huwa na kilowati nzima au nyingi.

Sasa fikirini jambo hili. Mashine kubwa ya kukatia huweza kuuzwa kama Daraja la 1, ilhali ndani yake mna leza ya Daraja la 4. Kilichoishusha daraja ni sanduku lililoifunga pande zote, dirisha la kioo maalum, na swichi inayozima leza mlango ukifunguliwa. Msimamizi akiifunga swichi hiyo kwa waya ili kazi iende mbio, mashine imerudi Daraja la 4 saa ile ile, na bamba bado lang'aa. Na zile za kuchomelea kwa kushika mkononi hazina sanduku tangu mwanzo.

Nayo hatari yenyewe haionekani. Leza ya nyuzi za kioo hutoa mwanga wa nanomita 1,070 hivi, ambao jicho halioni wala halipepesi. Hupita hadi nyuma ya jicho, na palipoungua huko huenda pasipone kamwe. Leza ya gesi ya kaboni, ya nanomita 10,600, huunguza jicho kwa mbele. Kwa hiyo miwani ya moja haifai kwa nyingine, na kioo cheusi cha fundi wa kuchomelea hakikutengenezwa kwa ajili ya yoyote. Miwani ya haki imeandikwa nanomita inazozuia.

Nusu ya pili, ile isiyosomwa, ni Agizo 2006/25, ambalo nchi za Ulaya zilitakiwa kulitia katika sheria zao kufikia tarehe 27 Aprili 2010. (Jua liliondolewa humo baada ya mabishano makali mwaka 2005, basi mjenzi wa nyumba hakupata kitu.) Hili lamhusu mwajiri, wala si mtengenezaji. Lamtaka apime hatari na kuiandika, aipunguze, awafundishe wafanyakazi, ashauriane nao, na mtu aliyepigwa na mwanga kupita kipimo apelekwe kwa daktari. Alama ya CE haimwondolei hata moja kati ya hayo.

Ni kweli Agizo hilo halimfungi tajiri wa Nairobi. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamfunga, na yataka penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama ambayo wafanyakazi wamo. Tajiri akitaja sheria ya Ulaya katika kamati hiyo, wajumbe wetu na waitaje yote.

Wajumbe wa kila karakana yenye leza wanaombwa kuleta ofisini kwa maandishi: daraja la mashine, nanomita zake, kama tamko limeonekana, na miwani iliyopo imeandikwaje. Penye swichi ya mlango iliyofungwa kwa waya, habari ije siku hiyo hiyo, bila kungojea mkutano.