Mwaka wa Kwanza Si Hukumu

Matokeo ya mwaka wa kwanza yanapotoka, katika nyumba nyingi za Tunduma, Mlowo na Vwawa huzuka swali: kijana aliyepata alama hafifu katika chuo alichopo, je, aombe kuhamia chuo chenye sifa kubwa zaidi? Kwa wanaosomea afya, jina la kwanza kutajwa huwa Muhimbili. Chuo hicho, chenye asili katika shule ya udaktari iliyoanzishwa mwaka 1963, kiko zaidi ya kilometa 900 kutoka mpakani, na nafasi zake hugombewa na wengi. Naamini shauku hiyo ni halali. Hata hivyo, lipo swali linalopaswa kuitangulia: alama zilishuka kwa sababu gani?

Mhudumu mwangalifu hampi mwenye homa dawa ya malaria kabla ya kumpima, kwa kuwa homa ina vyanzo vingi. Alama hafifu nazo ni dalili. Kijana mmoja alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sasa anapaswa kuelewa anatomia na biokemia kwa Kiingereza ambacho hakukizoea. Mwingine alichelewa kulipa ada kwa sababu kahawa ya Mbozi ilikuwa haijauzwa. Wa tatu aliugua. Wa nne hakusoma. Uhamisho hauwatibu hawa wote. Aliyelemewa na lugha atakutana na lugha ile ile Upanga, na aliyekosa ada atakuta maisha ya Dar es Salaam ni ghali zaidi.

Taratibu nazo hazina huruma kwa anayekimbia. Uhamisho baina ya vyuo vikuu husimamiwa kwa miongozo ya TCU: mwombaji awe na sifa za kuingilia za programu anayoitaka, na chuo kinachompokea kiwe na nafasi. Kwa aliye katika stashahada, njia iliyonyooka zaidi ni kumaliza vizuri alipo. Stashahada ya utabibu ya miaka mitatu, yenye GPA ya 3.0 au zaidi, pamoja na ufaulu unaotakiwa wa kidato cha nne, humfungulia mlango wa kuomba shahada ya udaktari. Aidha, tangu mwaka wa masomo 2023/24, mikopo ya HESLB huwafikia pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada, wakiwamo wa fani za afya. Familia nyingi hazijui hilo.

Mgonjwa ana haki katika jambo hili. Mama anayemleta mtoto kituo cha afya usiku hatauliza tabibu alisoma wapi. Atakachohitaji ni dozi iliyokokotolewa sawasawa kwa uzito wa mtoto. Msingi wa hesabu hiyo huwekwa katika miaka ya mwanzo. Pengo likifunikwa kwa kuhama, litafunuka wodini.

Kwa hiyo nawashauri wanafunzi: pateni kwanza ushauri wa mwalimu, rudieni mitihani mliyoshindwa, ongezeni alama kwa mihula miwili, kisha ombeni uhamisho mkiwa na ushahidi wa kupanda. Wazazi, msimwaibishe mtoto, wala msimsukume kwa ajili ya jina la chuo.

Vyuo vyenye ushindani navyo vina wajibu. Visishushe viwango, kwani wagonjwa ndio watakaolipa gharama. Lakini penye nafasi na sifa zinazotakiwa, vitazame mwelekeo wa mwanafunzi, si mahali alipoanzia pekee. Aliyeanguka, akajua sababu na kuirekebisha, amekwisha kuonyesha uwezo tunaoutaka kwa kila mganga: kulitambua kosa mapema na kulisahihisha kabla halijamdhuru mtu.