Umri wa Ndege Zinazohudumia Visiwa

Kwa mtu wa Pemba au wa Mafia ndege si anasa. Ndiyo inayomvusha mgonjwa bahari inapochafuka, ndiyo inayomwahisha mwananchi kwenye maziko ya mzazi wake. Kwa hiyo habari ya ndege kuukuu inatuhusu sisi watu wa visiwani kuliko inavyomhusu mtu mwenye barabara mlangoni pake.

Tarehe 28 Aprili, 1988, katika visiwa vya Hawaii, ndege aina ya Boeing 737 ya shirika la Aloha ilitoka Hilo kwenda Honolulu. Ilipofika futi 24,000 juu, paa lake lilibanduka kwa urefu wa kiasi cha mita tano na nusu, abiria wakabaki wazi chini ya mbingu. Mhudumu mmoja alivutwa nje na hakuonekana tena. Rubani aliiteremsha katika kisiwa cha Maui, na abiria wote wakaokoka, ingawa wengi walijeruhiwa.

Ndege hiyo ilitengenezwa mwaka 1969. Miaka kumi na tisa si mingi kwa ndege, na saa zake za kuruka, 35,496, hazikuwa za kutisha. Lakini ilikuwa imepaa na kutua mara 89,680, yaani wastani wa dakika 24 tu kwa safari moja. Hapa ndipo penye somo letu. Kila ndege ya namna hiyo inapopaa, kiwiliwili chake hujazwa hewa kikatanuka, inapotua, hunywea. Chuma huchoka kwa kutanuka na kunywea, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa hadi ukakatika. Ongeza hewa ya chumvi inayopenya kwenye maungio na kuachisha gundi, mzigo wote ukaziangukia ribiti, na nyufa zikaanza kwenye matundu ya ribiti hizo. Safari fupi na chumvi ya bahari ndiyo maisha ya kila ndege ya visiwani.

Wachunguzi wa Marekani walisema wazi kwamba mpango wa matengenezo wa shirika ulishindwa kuuona uharibifu huo. Ukaguzi mkubwa ulikuwa umekatwa vipande 52, ukafanywa kidogo kidogo, zaidi usiku, kwa kuwa asubuhi ndege ilitakiwa kazini. Fundi aliyechoka, mwenye tochi mkononi, aliambiwa akague ribiti mia kadhaa kabla ya alfajiri. Tunamlaumu fundi, lakini aliyempangia saa hizo ni nani?

Mwaka 2005, tarehe 19 Desemba, ndege ya majini aina ya Grumman Mallard, iliyotengenezwa mwaka 1947, ilipaa kutoka Miami kwenda kisiwa cha Bimini katika Bahama. Bawa lake la kulia lilikatika angani. Watu wote 20 walikufa, wengi wao wakazi wa Bimini waliokuwa wakirudi nyumbani. Bawa hilo lilikuwa likivuja mafuta mara kwa mara, na kila mara lilizibwa kwa dawa ya kuzibia. Mvujo ulikuwa ishara ya ufa. Wao wakaitibu ishara, ufa wakauacha.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya ndege kubwa peke yake. Iko Ujerumani ndege ndogo ya kuelea hewani yenye injini ya kuisaidia kupaa, iitwayo Falke, iliyoruka kwanza mwaka 1963. Bawa lake ni la mbao zilizounganishwa kwa gundi. Injini yaweza kubadilishwa ikawa mpya, lakini gundi ni ile ile ya zamani. Vitundu vya kutolea maji chini ya bawa vikiziba, mbao huoza ndani huku rangi ya nje inang'aa. Mkaguzi wa kweli hupenyeza taa na kioo kidogo ndani, akatafuta ukungu na gundi iliyoachia. Na kwa ndege za nyuzi za kioo, hugonga ganda kwa sarafu akisikiliza, mlio mkavu uwe mzima, mlio mzito uwe na kasoro.

Mzee wa jahazi hashangai kusikia hayo. Hulipandisha chombo chake ufukoni wakati wa bamvua, akakigonga ubao mmoja mmoja, akatia kalafati penye haja, wala hapakodishi siku hiyo hata kwa bei ya kuvutia.

Basi tunawaambia wenye dhamana: wanapotoa ruhusa ya ndege kuhudumia visiwa, wasiulize mwaka wa kutengenezwa na saa za kuruka tu. Waulize imepaa na kutua mara ngapi, na imelala wapi miaka yote hiyo. Wawape mafundi mchana wa kufanyia kazi, na siku ya ndege kukaa chini isihesabiwe kuwa hasara.

Na mwananchi naye ana dhima yake. Siku ile kule Hilo, abiria mmoja aliuona ufa karibu na mlango alipokuwa akipanda. Alinyamaza, akaenda kukaa kitini pake.