Baniani Mbaya, Kiatu Chake Mlangoni

Jumamosi moja nilishuka matatu Mwembe Tayari, Mombasa, pamoja na wenzangu watatu waliotoka Nairobi. Tulikuwa tunaelekea hekalu la Swaminarayan, barabara ya Haile Selassie. Mmoja wao, msee mzuri tu, mwenye digrii na kila kitu, akauliza: "Kwani sisi huruhusiwa?"

Swali hilo ndilo linaloniandikisha leo. Jengo liko mjini mchana kweupe. Matatu, tuktuk na mikokoteni hupita hapo kutwa nzima. Na Mkenya mzima anauliza kama anaruhusiwa.

Tunaruhusiwa. Unavua viatu unaviacha mlangoni, unaomba ruhusa kabla ya kutoa simu, unakaa kwa adabu. Ukifika adhuhuri utaambiwa urudi baadaye, maana baada ya chakula miungu hupumzika na pazia hufungwa. Mwenzangu alicheka. Mimi niliona kwamba nyumba inayompa mungu wake usingizi wa mchana haina cha kunitisha.

Tuna methali tuliyoikariri sote shuleni: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Baniani ni Mhindu. Mwalimu alitueleza kwamba hata usiyempenda anaweza kukufaa, kisha akasonga mbele. Hakuna aliyeinua mkono kuuliza: mbaya kwa sababu gani? Hatukuuliza kwa sababu tulikuwa tumeshakubali. Mtu mwenyewe hatumtaki, kiatu chake tunakitaka.

Na viatu tumechukua vingi. Krismasi bila chapati kwetu si Krismasi. Ukipanda gari, ukilipa bima, ukihesabu pesa kwa laki, mdomoni mwako mna maneno ya Bara Hindi. Halafu tunageuka na kusema "wale watu".

Historia tuliyofunzwa haisaidii. Inasema Wahindi waliletwa kujenga reli, basi. Ni kweli kwamba kati ya 1896 na 1901 waliletwa vibarua karibu 32,000, na karibu 2,500 wakafa, kama wanne kwa kila maili. Lakini wengi wa waliopona walirudi kwao. Waliobaki hawakufika 7,000. Wengi wa walio hapa leo ni uzao wa wafanyabiashara, mafundi na makarani waliokuja kwa njia zao wenyewe. Na pwani haikungoja reli. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498 aliwakuta wafanyabiashara wa Kihindi. Tembea Mji wa Kale uangalie milango. Baadhi ya nakshi zake zina mkono wa Gujarat. Kwa hivyo anayesema hawa walikuja juzi na mkoloni, atuambie ni juzi ipi.

Najua mtanijibu nini. Mtaniambia kuhusu duka ambamo mlinzi anakufuata rafu hadi rafu. Kuhusu kibarua wa miaka kumi asiye na barua ya ajira. Sikatai. Shangazi yangu alifanya kazi katika nyumba moja ambako alikuwa na kikombe chake peke yake, na kikombe hicho kililala nje, dirishani. Nimekua na hadithi ya kikombe hicho. Mkoloni alitupanga kama ngazi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na wako walioipenda ngazi hiyo hata bendera ilipobadilishwa. Huo ni ubaguzi. Usemwe, uandikwe, ushtakiwe.

Lakini mwenye kikombe ana jina. Ukisema "Wahindi" unamwachilia yeye na kumfunga mtu ambaye hujawahi kumwona. Umechanganya Mhindu, Mjaini mwenye hekalu lake barabara ya Langoni, Bohra anayeswali msikitini, Sikh tunayemwita Kalasinga, na Mkatoliki wa Goa. Umemfuta pia Manilal Desai, Mhindu mwenye gazeti la East African Chronicle, aliyemsaidia Harry Thuku kuchapisha madai ya Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Ukienda Ngara kutafuta mtumba, ile Desai Road unayoipita ni yake.

Nanyi mnaoabudu kwenye mahekalu yetu, nina neno. Mlango ulio wazi bado si mwaliko. Wako kati yenu waliozaliwa hapa, na wazazi wao na babu zao wakazaliwa hapa, na bado hawajui jina la pili la anayewapikia. Fataki za Diwali tunazisikia mji mzima. Tumezisikia tu.

Julai 2017 serikali ilitangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Tukapiga makofi kidogo tukaenda zetu. Hebu tujiangalie: ili mtu awe Mkenya, lazima kwanza agawiwe kabila! Na tangazo lile halikumfikia mwenzangu, ambaye miaka yote hii alidhani kuna mlango nchini mwake asioweza kuupita.

Tulirudi jioni. Ndani, kuta zina picha za rangi kali, hujui uanzie wapi kutazama. Mama mmoja mzee aliyevaa sari akatutazama, akauliza kwa Kiswahili cha Mombasa kinachozidi changu: "Wanangu, mwatoka wapi?"

"Nairobi, mama," mwenzangu akajibu.

"Mbali! Kaeni basi, pazia lafunguliwa sasa hivi."

Tukakaa. Kengele ikalia, taa ikazungushwa, na baadaye tukapewa vitamu vya sadaka mkononi kama kila mtu. Tulipotoka, viatu vilikuwa vimechanganyika mlangoni, vyetu na vyao, na mwenzangu alichukua muda kuvipata vyake.

Nenda. Usiende kwa ajili ya picha ya Insta peke yake. Nenda ukae, uulize, uulizwe. Na siku mtoto wako atakapoileta ile methali nyumbani kutoka shuleni, muulize lile swali ambalo sisi hatukuuliza.